Baba Aliyetoka Nje: Baba na Mwana katika Filamu, Kutoka Songea hadi Kibera

Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 tumeuhubiri mara nyingi, na wengi wetu tunadhani tumeumaliza. Tunamkumbuka baba anayekimbia kumlaki mwana mdogo. Tunasahau kwamba siku ile ile baba huyo alitoka nje mara ya pili, kumsihi mwana mkubwa aliyekasirika na kukataa kuingia. Alitoka kwa ajili ya aliyepotelea mbali, akatoka tena kwa ajili ya aliyepotelea nyumbani.

Kwa mfano huo tunataka kutazama jambo ambalo makanisani tumelizungumzia kidogo, yaani namna filamu zilivyomwonyesha baba na mwana, hapa kwetu na kwa jirani zetu. Vijana wetu wa Songea hujifunza habari za ubaba kwenye vibanda vya video na kwenye simu, pengine kuliko katika mafundisho ya kipaimara. Si vema wachungaji na wazazi tukae kimya.

Wana waliokwenda mkongeni

Filamu hazikukuta nyumba zetu zikiwa na amani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wazee wa Kingoni hapa Songea kwa sababu ya Vita vya Majimaji, na kila mwaka mji wetu huikumbuka siku hiyo. Baada ya vita ikaja njaa. Watoto wengi wakakua bila baba. Nao walipokuwa watu wazima, kodi ya mkoloni iliwatoa nyumbani. Wanaume wa Ungoni wakawa manamba katika mashamba ya mkonge ya mbali, Tanga na kwingineko. Baba aliondoka mtoto akiwa mgongoni mwa mama, akarudi akakuta kijana asiyemfahamu. Wengine hawakurudi kabisa.

Ni katika mkonge huo huo ndipo historia ya filamu za Tanganyika inapoanzia kwa sehemu. Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, aliona kwamba filamu zingeweza kuwafanya vibarua waridhike na kazi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 aliongoza mradi wa filamu kwa Waafrika uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Kwa hiyo kanisa lilikuwapo tangu mwanzo. Filamu zilichukuliwa kwa gari na kuonyeshwa vijijini, na maelezo yake yaliandaliwa kwa lugha mbalimbali.

Lengo mojawapo lilikuwa kuwasaidia watu wazima waelewe mambo mapya yaliyokuwa yakiwavamia. Lilikuwa lengo jema, lakini lilibeba kasoro. Mwafrika mtu mzima, mwenye mke na watoto, alifundishwa kama mtoto mbele ya watoto wake mwenyewe. Mwenye filamu alijiweka katika nafasi ya baba, na baba wa nyumba akaketi chini kama mwanafunzi. Mradi ulikwisha mwaka 1937 kwa kukosa msaada wa serikali, lakini mtindo huo wa kufundisha haukwisha pamoja nao.

Mwana wa Songea mbele ya kamera

Nyota wa kwanza wa filamu katika nchi yetu alitoka mkoa huu wa Ruvuma. Ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 Matepwende, katika wilaya ya Songea ya wakati ule, sasa Namtumbo. Watanzania wanamjua kama Simba wa Vita, Waziri Mkuu tangu Januari 1962 baada ya Mwalimu Nyerere kujiuzulu wadhifa huo, na baadaye Makamu wa Pili wa Rais. Vijana wachache wanajua kwamba kabla ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, akishughulika na filamu za serikali, na kwamba aliigiza kama mhusika mkuu katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu.

Filamu za kipindi hicho zilipenda kusimulia habari za mtu wa shamba na mambo ya mjini. Mojawapo iliitwa Chalo Amerudi. Jina hilo tu lilitosha kumgusa mzazi wa Ungoni. Ni nyumba ngapi zilizokuwa zikingoja kusikia kwamba fulani amerudi?

Lakini kwetu sisi, jambo kubwa la baba na mwana katika maisha ya Kawawa halikuwa kwenye filamu. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Kijana alipomaliza masomo Tabora alikuwa na nafasi ya kwenda Makerere, na wakati ule waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache mno. Aliiacha, akaajiriwa, ili wadogo zake wapate kusomeshwa. Aliubeba mzigo wa baba akiwa bado kijana. Kawawa alikuwa Mwislamu, na hatumtaji ili tumfanye wa kwetu. Tunamtaja kwa sababu amri ya kuwaheshimu baba na mama aliitimiza kwa namna inayotufundisha. Mwana mkubwa wa Luka 15 alihesabu miaka aliyomtumikia baba yake kama deni. Huyu aliutumia ujana wake kwa ajili ya nduguze.

Mwana anayemtafuta baba

Mwaka 2010 ilitoka filamu ya Kenya iitwayo Soul Boy, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora. Ilipigwa Kibera, Nairobi, na ina urefu wa saa moja hivi. Abila, kijana wa miaka 14, anaamka na kumkuta baba yake hoi, akisema kwamba ameibiwa roho. Kijana anagundua kwamba usiku uliopita baba aliipoteza roho yake katika kamari kwa mwanamke wa mizimu. Abila, akisaidiwa na rafiki yake Shiku, anamwendea mwanamke huyo, naye anampa kazi saba za kutimiza ili baba apone.

Hapa mfano wa Luka umegeuzwa. Aliyepotea ni baba, na anayetoka nje ni mwana. Tunawajua akina Abila katika sharika zetu. Ni kijana anayekwenda usiku kumtoa baba yake kwenye kilabu cha ulanzi au komoni. Ni binti anayeacha shule kwa sababu mahindi ya mwaka yameuzwa na fedha zimeishia kwenye kubeti. Filamu hiyo inawapa heshima watoto ambao sisi huwaita wasumbufu.

Hata hivyo, kama Walutheri, hatuwezi kuiacha bila neno. Hakuna mwana awezaye kuikomboa roho ya baba yake kwa kazi saba, wala kwa kazi sabini. Mzigo huo ni mzito mno kwa mtoto, na wapo vijana wanaovunjika kwa kuubeba. Yupo Mwana mmoja tu aliyeikamilisha kazi hiyo, naye aliikamilisha msalabani. Mtoto wa mlevi anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi: mpende baba yako, lakini wewe si mwokozi wake.

Luther na Hans

Wengi wetu tumeiona filamu Luther ya mwaka 2003. Nyuma ya filamu hiyo kuna historia ya kweli. Hans Luther, mtu wa migodi, alitaka mwanawe awe mwanasheria. Mwaka 1505 Martin aliingia utawani, na baba alikasirika sana. Mwaka 1507 Hans alikuja kwenye misa ya kwanza ya mwanawe, lakini pale pale mezani akamuuliza kama hajasoma amri ya kuwaheshimu wazazi. Jeraha hilo lilidumu. Mwaka 1521 Luther alimwandikia baba yake utangulizi wa kitabu chake kuhusu nadhiri za utawa, akikiri kwamba baba alikuwa na hoja. Mwaka 1525 wazazi walihudhuria sherehe ya ndoa yake. Mwaka uliofuata mwana wake wa kwanza alizaliwa, akamwita Hans. Na mwaka 1529, alipotoa Katekisimu Ndogo, aliiandaa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake kwa urahisi.

Wapendwa, upatanisho wa Hans na Martin ulichukua miaka ishirini. Kwa hiyo asikate tamaa baba ambaye mwanawe amekwenda Dar es Salaam au migodini na hapokei simu. Asikate tamaa kijana ambaye baba yake hajawahi kumwambia neno jema. Tunawashauri akina baba wa sharika zetu: mara moja kwa mwezi keti na mwanao, tazameni filamu moja pamoja, kisha umuulize ameonaje. Ukimsikiliza bila kumkatiza, umeshatoka nje ya mlango. Na kama yupo ndani ya nyumba lakini moyo wake uko mbali, toka mara ya pili.