Kabila, Aila ya

Aila ya Kabila ni ukoo wa watawala wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye asili ya Kiluba ya Katanga ya Kaskazini kwa upande wa Laurent-Désiré Kabila, ambao fahari na mwenendo wao umekuwa mazungumzo ya raia, khasa Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika, mji ulioitwa Albertville zama za Wabelgiji. Laurent-Désiré, maarufu kwa lakabu ya Mzee, alitwaa dola Mei 1997, akauawa Januari 2001. Mwanawe Joseph, aliyekulia Tanzania, akarithi madaraka hadi Januari 2019, na harusi yake na Olive Lembe di Sita, Juni 2006, ikawa tamasha la taifa. Huko Kalemie udadisi wa raia juu ya aila hii, ambao si lazima uhesabiwe mapenzi, kwani sifa na lawama hutoka kinywa kimoja, ulipata watu wa kuwatazama kwa karibu: Jaynet, pacha wa Joseph, aliyechaguliwa mbunge wa mji huo mwaka 2011, na Zoé, mdogo wao, aliyekuwa gavana wa mkoa tangu 2019 hata baraza la mkoa lilipomwondoa Mei 2021.