Tomb Raider: Mchezaji mgeni aanze na mchezo upi?

YEYOTE atakaye kuingia katika ulimwengu wa Tomb Raider, msururu wa michezo ya video unaosimulia safari za mwanaakiolojia Mwingereza Lara Croft, hukumbana na kizingiti kabla hajagusa padi. Kati ya 1996 na 2018 ilitolewa michezo mikuu 12. Baada ya ule wa tatu, nambari ziliachwa na mahali pake pakachukuliwa na majina yasiyomwambia mnunuzi lolote kuhusu ni upi uliotangulia. Isitoshe, miwili kati yake, wa 1996 na wa 2013, yote inaitwa Tomb Raider pasi na nyongeza, ilhali inatofautiana kama usiku na mchana.

Swali hili si la mzaha kwa kijana wa Khayega, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu ya Kisumu kuelekea Kakamega, na kinachojulikana zaidi kwa mapigano ya fahali kuliko kwa michezo ya video. Katika vituo vingi vya aina hii nchini, anayetaka kucheza hulipia mechi au dakika kibandani, na kandanda ndiyo hutawala. Mechi huisha upesi, mshindi akajigamba, aliyeshindwa akampisha mwenzake.

Mchezo wa masimulizi haupimiki hivyo. Huchukua saa nane, kumi, hata kumi na tano, na hudai mahali pa kuhifadhi ulikofika ili kesho usirudie mwanzo. Kwa hivyo anayeupenda hana budi kununua diski yake. Iwapo ametumia akiba ya miezi kununua diski ya mtumba, kisha ikawa si ya kuanzia, yamkini hatanunua ya pili.

Wengi humshauri mgeni aanze na mchezo wa kwanza, kwa kuwa ni wa kwanza. Makala haya yana rai tofauti. Kwa mchezaji mwingi, hasa mwenye mtambo wa PlayStation 2 uliotumika, mlango ufaao ni Tomb Raider: Legend, mchezo wa saba, uliotolewa 2006.

Sababu kuu ni kwamba msururu huu si hadithi moja. Ni hadithi tatu zinazotumia jina moja la shujaa. Ya kwanza ilitungwa na kampuni ya Core Design ya mjini Derby, Uingereza, kuanzia 1996 hadi 2003. Ya pili ni ya Crystal Dynamics ya California, Marekani, na inajumuisha Legend (2006), Anniversary (2007) na Underworld (2008). Ya tatu ilianza upya kabisa 2013, ikaendelea kwa Rise of the Tomb Raider (2015) na kukamilika kwa Shadow of the Tomb Raider (2018), huu wa mwisho ukiongozwa na Eidos-Montréal ya Kanada.

Lara wa kila kipindi ana wazazi wake, masaibu yake na sababu yake ya kuingia mapangoni. Mwenye kuanza na Legend hajaruka sura sita za kitabu. Amefungua kitabu kingine.

Hata hivyo, haifai kuudharau mchezo wa 1996. Uliuza zaidi ya nakala milioni 7, na ustadi wake ungali wa kustaajabisha. Toby Gard na wenzake waliujenga ulimwengu wote kwa miraba iliyo sawa. Lara akiruka akiwa amesimama, huvuka mraba mmoja. Akiruka baada ya kukimbia, huvuka miwili. Akinyoosha mikono na kudaka ukingo, hufika watatu. Kwa sababu hiyo hapana kubahatisha: mchezaji husimama ukingoni, akahesabu, akaruka kinyumenyume hatua moja ili apate nafasi ya kukimbia, kisha akajirusha. Aliyeizoea hesabu hii hupata raha ya fundi mwashi aliye na kamba na timazi mkononi, raha ambayo michezo ya baadaye haikuirejesha kikamilifu.

Tatizo ni kufika huko. Lara wa enzi hizo haendi mnakoelekeza kidole. Hugeuka papo hapo aliposimama kama lori linalogeuzwa katika ua mwembamba, ndipo asonge mbele. Kijana aliyelelewa na kandanda ya PlayStation atamtumbukiza shimoni mara ishirini katika mapango ya Peru kabla hajaona hata mlango wa hekalu.

Fauka ya hayo, toleo la PlayStation la mchezo huo halikubali kuhifadhi ulikofika isipokuwa mahali penye fuwele maalumu, nazo ni chache. Mvua za radi za alasiri katika eneo la Kakamega hazimwulizi mtu kama ameifikia fuwele. Stima ikipotea, kazi ya saa nzima imepotea nayo. Toleo la kompyuta huruhusu kuhifadhi wakati wowote. Mchezo wa pili, wa 1997, uliruhusu jambo hilo hata kwenye PlayStation, lakini wa tatu, wa 1998, ukazirejesha fuwele, safari hii zikiwa za kuokotwa na kubebwa.

Baina ya michezo ya Core Design, miwili haifai kamwe kuanziwa. The Last Revelation wa 1999 humalizikia Misri, Lara akifukiwa na vifusi vya kaburi, kwa kuwa watungaji walikuwa wamechoshwa na kutoa mchezo kila mwaka. Kwa hiyo Chronicles wa 2000 ni visa vinavyosimuliwa na marafiki waliokusanyika kumkumbuka marehemu. Asiyemjua marehemu atalia matanga ya nani? Wa pili ni The Angel of Darkness wa 2003, uliotoka sokoni ungali mbichi, umejaa kasoro. Ndio uliosababisha Core Design kupokonywa msururu huo.

Legend iliondoa mengi ya mashaka hayo. Padi humtii mchezaji, ukingo unaodakika huonekana bayana, na ukifa unarejeshwa karibu na ulipoangukia. Ukihifadhi, mchezo huendelea kutoka kituo cha mwisho ulichopita, na vituo haviko mbalimbali. Wachezaji wengi huumaliza kwa saa zisizozidi kumi. Unapatikana kwa PlayStation 2, na hata kompyuta ya kawaida ya miaka ile iliumudu. Mzazi naye ataridhika kwamba nchini Marekani uliwekwa katika daraja la vijana wa miaka 13 na zaidi.

Hadithi yake humpeleka Lara Bolivia, Peru, Japani, Ghana, Kazakhstan, Uingereza na Nepal, akiufuatilia upanga wa Mfalme Arthur na siri ya kupotea kwa mamake. Sura ya Ghana, yenye hekalu lililofichwa nyuma ya maporomoko ya maji, ni miongoni mwa zinazopendeza macho zaidi. Mwanafunzi asiichukulie kuwa somo la historia. Hekalu hilo ni la kubuniwa.

Tena si vibaya kukumbuka jina la msururu lina maana gani: mporaji wa makaburi. Huku kwetu uporaji huo haujawa mchezo. Mwaka 2007, vigango viwili vilivyoibwa Pwani katika miaka ya 1980, nguzo ambazo Wamijikenda huwasimikia wazee wao waliofariki, vilirejeshwa nchini kutoka Marekani. Lara hufika, huchukua na kuondoka, na michezo ya mwanzo haimwulizi lolote. Shadow of the Tomb Raider ndio ulioanza kumwonyesha madhara ya mkono wake.

Wapo Wakenya wanaomfahamu Lara kupitia sinema kuliko michezo, maadamu filamu ya 2003 iliyoigizwa na Angelina Jolie ilipigwa kwa sehemu katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Hadithi yake haikutolewa katika mchezo wowote, hivyo haisaidii kuchagua.

Baada ya Legend, afuatishe Anniversary, ambao ni simulizi ile ile ya 1996 iliyojengwa upya kwa mtindo mpya, kisha Underworld. Mpangilio huu usivurugwe. Underworld unategemea kitendawili kilichoachwa wazi na Legend, na adui wake mmoja hutoka katika Anniversary. Mwenye PlayStation 2 ajue pia kwamba toleo la Underworld la mtambo huo, lililotoka 2009, lilipunguzwa sana.

Je, mwenye kompyuta yenye nguvu au PlayStation ya tatu au ya nne? Huyo anaweza kuanza na mchezo wa 2013, ambapo Lara, kijana wa miaka 21, anavunjikiwa na meli karibu na kisiwa cha Yamatai, nje ya pwani ya Japani. Ni rahisi kuushika na unasisimua. Lakini damu humwagika ndani yake bila kifani katika michezo iliyoutangulia, na Marekani iliuweka daraja la miaka 17 na zaidi. Si mchezo wa kumwachia mtoto wa shule ya msingi. Shadow nao hudai kumbukumbu ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 40, mzigo mzito kwa anayenunua intaneti kwa vifurushi.

Kwa anayetamani ile hesabu ya miraba bila adha ya zamani, kampuni ya Aspyr ilitoa Februari 14, 2024 michezo mitatu ya kwanza ikiwa pamoja, imeng'arishwa. Mchezaji huchagua uendeshaji wa kale au wa kisasa, na kwa kubonyeza kitufe kimoja hubadilisha sura mpya kuwa ile ya 1996. Mwaka mmoja baadaye ikafuata ya nne, ya tano na ya sita. Inahitaji mtambo wa kizazi cha PlayStation 4 au kompyuta.

Anayenunua diski ya mtumba aitazame vyema kabla ya kulipa. Diski za PlayStation ya kwanza huchezeka kwenye PlayStation 2, ila kadi ya kumbukumbu ya PlayStation 2 haihifadhi michezo hiyo. Inahitajika kadi ya mtambo wa kwanza. Na muuzaji akisema anayo Tomb Raider, aulizwe ni ya mwaka gani.