Mbwa Kazini, Mbwa Matangani

Mbwa wa wachunga kondoo alichorwa sana Ulaya katika karne ya 19, lakini si kila mchoraji alimwonyesha akiwa kazini. Tazama mchoro wa Edwin Landseer wa mwaka 1837: ndani ya kibanda cha Uskoti, mbwa amelaza kidevu juu ya jeneza la bwana wake, kofia na fimbo ziko sakafuni, Biblia na miwani juu ya kigoda. Kondoo haonekani hata mmoja. Mbwa amegeuzwa mfiwa, na mfiwa haulizwi alichunga wangapi.

Utaniambia Landseer aliwajua mbwa vizuri, na manyoya yale yanathibitisha. Sawa, ila kuyajua manyoya si kuijua kazi. Jean-François Millet, katika mchoro wa binti mchunga kondoo ulioonyeshwa Paris mwaka 1864, alimweka mbwa pembeni, mdogo, karibu kivuli tu. Binti ameinamisha kichwa akifuma sufu. Anayelikazia macho kundi ni mbwa. Hana uso wa kumliza mtu. Hata hivyo, kama ushahidi wa uchungaji ulivyokuwa, mbwa wa Millet anamshinda yule wa jenezani.