Sheria na Mikoko ya Pwani ya Kenya

Miti iliyoujenga uswahili wa pwani si mingi, na katika hiyo michache mkoko una cheo cha peke yake, kwa kuwa ndio uliobeba dari za nyumba za mawe za Lamu, ukatoa mataruma ya vyombo na kuni za matanuri ya chokaa, na ndio ambao serikali zilizotawala pwani hii, moja baada ya nyingine, zimeutungia amri kwa nia zinazotofautiana sana. Mwenye kuzisoma amri hizo kwa taratibu ya miaka yake ataona jinsi dola ilivyojifunza, polepole na kwa gharama kubwa, kwamba msitu wa baharini ni ngome ya watu wanaoishi nyuma yake.

Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Uajemi yalishuka na kaskazi na kurejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti, maadamu nchi zile kame hazikuwa na miti mirefu, iliyonyooka na yenye kustahimili mchwa, ya kuezekea nyumba. Wakataji, aghalabu Wabajuni wa visiwa vya Lamu, waliingia mikononi mwa bahari kwa mashua, wakafuata bamvua na maji mafu, wakapambanua mkoko na mkandaa, mchu na msinzi, na wakaipanga miti yao kwa unene, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na kuihesabu kwa korja, yaani 20 kwa 20. Hata umbo la nyumba lilitii mti huo: vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haivuki nafasi pana.

Utawala wa kikoloni ulipowasili uliuona mkoko kwa jicho la hazina. Wajerumani walianza mapema kuitia mikoko ya Rufiji, katika Tanzania ya leo, chini ya himaya ya serikali, mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza nao wakatangaza mwaka 1932 kwamba mikoko ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali, tangazo ambalo lilithibitishwa upya mwaka 1964, baada ya uhuru. Tangu hapo aliyekuwa akikata kwa ada ya wazee wake alilazimika kukata kwa leseni, na sheria ikawa na shabaha mbili, ushuru na akiba ya mbao. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti ng'ambo, na biashara iliyokuwa imeiunganisha Lamu na Ghuba kwa vizazi visivyohesabika ikakatika kwa amri moja.

Amri zote hizo, za ushuru na za marufuku, zilimjua adui mmoja tu, naye ni mwenye shoka. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zikaonyesha upungufu wa fikira hiyo, kwani mafuriko yaliteremsha tope kutoka bara, likafukia mizizi ya mikoko katika hori ya Mwache karibu na Mombasa, na miti ikafa imesimama bila ya mkono wa mtu kuigusa. Hapakuwa na leseni ya kuinyima mvua, wala askari wa misitu wa kuizuia bahari inayopanda. Na ilhali mizizi ya mkoko ndiyo inayoshika udongo, inayovunja nguvu za mawimbi na kuwalea kamba, kaa na samaki wachanga, kufa kwake kulikuwa ni kubomoka kwa ukuta wa mji.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilianza kufungua mlango kwa kuziruhusu jumuiya za wenyeji kushiriki katika kuitunza misitu pamoja na serikali. Kwa mlango huo watu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, waliasisi mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umeuza stakabadhi za kaboni inayohifadhiwa na msitu wao, na mapato yakaelekezwa kwenye maji na shule za vijiji. Kisha ikaja Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, iliyounda Baraza la Taifa la Mabadiliko ya Tabianchi chini ya uenyekiti wa Rais, ikaagiza mpango wa utekelezaji kila miaka 5, ikazitaka wizara na kaunti ziingize suala la tabianchi katika kazi zao, na, jambo lililo kubwa kuliko yote, ikampa raia haki ya kwenda mahakamani bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amekwisha kudhurika.

Haikupita miaka mingi sheria hiyo ikapimwa Lamu penyewe. Ilikusudiwa kujengwa huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wenyeji wakaupinga, na mwezi wa Juni mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni yake, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na pia kwa sababu tathmini ya mradi haikuizingatia ile sheria ya mwaka 2016. Wavuvi na wakataji wa boriti, ambao sheria za zamani ziliwajua kama watu wa kuchungwa, walisimama sasa wakiwa wadai wa sheria.

Hata hivyo, tabia ya zamani haifi upesi. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma, na nyumba za Lamu zilizoishi kwa boriti zikapoteza riziki hadi kaunti hiyo ilipofunguliwa tena mwaka uliofuata. Marekebisho ya mwaka 2023 ya ile Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaashiria njia iliyo bora, kwa kuwa yanaagiza kwamba katika miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, jumuiya ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato baada ya kutolewa gharama.

Historia hii inatufunza kwamba kuhimili tabianchi hakuletwi na marufuku iliyotungwa mbali na maji. Asilimia kubwa ya mikoko ya Kenya imo Lamu, na wanaoijua mizizi yake, maji yake na majira yake ni wale wale ambao kwa miaka mingi sheria iliwatazama kwa shaka. Kwa hiyo kila mpango wa kaunti, kila kanuni na kila mgao wa fedha uanze na shauri lao, waandikwe kuwa wadhamini wa msitu pamoja na serikali, na ujira wa udhamini huo uwafikie mikononi. Maana sheria inayomtaka mtu ailinde ngome inamwia deni la kumpa haki ndani ya ngome hiyo.