Hoteli ya Norfolk na Wapagazi wa Safari

Mgeni afikaye Nairobi kwa matembezi, naye ana fedha za kutosha, huweza kulala katika hoteli ya Norfolk, inayotazamana na Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza. Asubuhi huketi barazani akanywa kahawa yake, kisha gari humchukua kwenda kuitazama nchi: milima ya Ngong, mashamba ya chai ya Limuru, tambarare za Athi, au mbuga ya wanyama iliyotengwa kando ya jiji lenyewe tangu mwaka 1946. Jioni hurudi kuoga na kula. Mtu aweza kudhani kwamba desturi hii ya kulala mjini na kuizuru nchi ni jambo la juzi, lililoletwa na ndege. Sivyo. Umri wake unakaribia umri wa Nairobi, na kwa miaka mingi ilitegemea vichwa na mabega ya watu ambao hawakuruhusiwa kuketi katika baraza hilo.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Hoteli ya Norfolk ikafunguliwa sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1904, wakati mji ulipokuwa bado wa nyumba za mabati na njia za matope. Walowezi waliipenda mno hata wakaipa kwa mzaha jina la baraza la mabwana wakubwa wa bunge la Uingereza. Hapo walikunywa, wakauziana mashamba, na wakaisema serikali yao vibaya. Hapo pia walifikia matajiri wa Ulaya na Marekani waliokuja kuwinda.

Mwaka huo huo wa 1904 ilianzishwa mjini kampuni ya Newland na Tarlton, ambayo kazi yake ilikuwa kumtayarishia mgeni kila kitu cha mwituni: mahema, chakula, bunduki, nyumbu, na zaidi ya yote, watu. Mtu alitelemka garini mikono mitupu, na baada ya siku chache akaondoka na msafara mzima nyuma yake. Biashara hiyo ilihitaji neno la kuiitia, nalo likachukuliwa kwetu. Safari, ambayo kwa msemaji wa Kiswahili ni mwendo wowote, hata wa kwenda kumzika jamaa, ikawa kwa Mzungu ni kwenda kuwinda tu. Neno letu likaingia katika kamusi zao likiwa limepunguzwa maana.

Wala halikuwa neno peke yake. Maarifa yote ya kuongoza msafara yalikuwa yamekwisha tengenezwa na watu wa pwani na wa bara kabla mlowezi wa kwanza hajafika. Misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa ilikuwa na mnyapara wa kusimamia watu, kiongozi wa kutangulia, askari wa kulinda, na posho iliyopimwa kwa kibaba. Mpagazi wa pwani alibeba mzigo kichwani. Mnyamwezi aliuweka begani. Mkikuyu aliufunga kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Mzigo wa desturi katika siku za wawindaji ulikuwa ratili 60, yaani karibu kilo 27, na nje ya huo mtu alikuwa na vitu vyake mwenyewe. Kampuni za Nairobi hazikubuni hata moja ya mambo haya. Ziliyakuta, zikayatia katika daftari la bei.

Safari iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya Theodore Roosevelt, aliyemaliza urais wa Marekani mwezi wa Machi mwaka 1909 na mwezi wa Aprili akawa ameshuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Masimulizi ya hoteli hupenda kumtaja Roosevelt, kana kwamba safari yake ilianzia barazani. Kwa kweli gari moshi lilimfikisha kwanza katika tambarare za Kapiti, na huko alikuta mahema yamekwisha simamishwa na wapagazi wapatao mia mbili wamejipanga kumngoja. Walikuwako wataalamu wa wanyama waliotumwa na jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington, na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Hebu msomaji aigawe chumvi hiyo peke yake kwa ratili 60, apate hesabu ya vichwa vilivyotakiwa. Mbele ya msafara ilikwenda bendera ya Marekani; nyuma yake wapagazi walikwenda wakiimba na kupiga baragumu, kama baba zao walivyofanya katika njia za pembe za ndovu. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500.

Roosevelt aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na ni haki kusema kwamba aliwasifu watu wake. Kwa hiyo twajua kwamba wachukuzi wake wa bunduki walikuwa Muhamed na Bakari, na kwamba Kermit alifuatana na Juma Yohari na Kassitura, mtu wa Busoga. Hao walisimama karibu na bwana, nao wakaponea humo. Wengine wote, waliobeba chumvi kwenda na ngozi kurudi, wametajwa kwa jumla tu, kama mtu atajavyo punda.

Na wapagazi hao walilala wapi mjini? Si Norfolk, wala si katika hoteli nyingine yoyote ya Wazungu, maana ubaguzi wa rangi uliwafungia mlango. Mwafrika aliyefika Nairobi alitafuta chumba au kipande cha mkeka katika vijiji vya pembeni, kama Pangani na Maskini, ambako Waswahili na watu wa makabila mengi walijijengea nyumba na kuwapangisha wageni. Wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake. Serikali ikatenga Pumwani kuwa makao ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Pangani ikabomolewa miaka ya 1930 ilipokuwa ikimalizika. Hizo nazo zilikuwa nyumba za wageni za mji huu, ijapokuwa hakuna aliyezipiga picha za kuuzia watalii.

Vita vya mwaka 1914 viliugeuza upagazi kuwa msiba. Waingereza waliwakusanya watu, wengi wao kwa nguvu, wakawachukulie mizigo ya jeshi katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na chakula kibovu. Jina la kikosi chao, lililogeuzwa na ndimi zetu, ndilo lililobaki katika mtaa wa Kariakor wa Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliorudi walikuta kipande kinawangoja: cheti cha alama za vidole, ndani ya kibweta cha bati, ambacho kila mwanamume alipaswa kukichukua. Mwaka 1921 walowezi wakaazimia kupunguza mishahara kwa theluthi, hali kodi imekwisha pandishwa.

Hapo ndipo barabara ya mbele ya hoteli inapoingia katika historia. Harry Thuku, karani wa simu wa serikali, alianza kuzipinga dhuluma hizo waziwazi, akakamatwa tarehe 14 Machi 1922, akawekwa katika kituo cha polisi karibu na Norfolk. Tarehe 16 watu elfu kadhaa walikusanyika kutaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao, tendo ambalo kwa mila ya Kikuyu ni tusi na laana kubwa, akawaambia wavae nguo yake, wampe yeye suruali zao. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walipiga bunduki, wakiwalenga watu waliokuwa wakikimbia. Serikali ilitaja maiti 21; wengine walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, na miaka minane ikapita kabla hajaachiliwa.

Bunduki zilizokuwa hotelini mara nyingi zilikuwa za kuwindia. Nadhani jambo hili lastahili kufikiriwa na kila anayesimulia enzi za wawindaji kwa utamu mwingi. Aliyezoea kuitazama nchi kutoka barazani, na watu wake akiwaona kama vichwa vya kubebea, hakuhitaji siku nyingi kufika tarehe hiyo.

Magari yaliwaondoa wapagazi njiani katika miaka ya 1920 na iliyofuata. Uwindaji wa wageni ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, bunduki ikaachia nafasi kamera. Hoteli ingalipo, na barabara ipitayo mbele yake sasa huitwa Harry Thuku.

Mwalimu aliye Nairobi aweza kuitembea historia hii na wanafunzi wake kwa asubuhi moja. Waanze stesheni ya reli, wapite Kenyatta Avenue penye sanamu za shaba zilizowekwa mwaka 1928, wamtazame mpagazi aliyesimama pamoja na askari wawili. Kisha waende hadi barabara ya Harry Thuku, na mwisho Kariakor na Pumwani. Huko wawaulize wenyeji kama yuko ambaye babu au babu wa babu yake alichukua mizigo ya wawindaji au ya jeshi, na jina lake likipatikana, waliandike.