Wa Kwanza, na Hana wa Kushindana Naye

Ukitoka kwetu Ziwa la Ng'ombe ukaelekea Nyali, huendi sana kabla ya kukutana na Links Road. Miaka yote ya utoto wangu nilidhani Links ni jina la mzungu fulani aliyekuwa na shamba pale. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ni neno la Scotland, maana yake uwanja wa gofu wa kando ya bahari. Na uwanja wenyewe si uko pale pale, Nyali Golf and Country Club, mashimo 18. Sisi watoto wa Ziwa tuliujua kwa mipira yake tu. Ukiokota mpira mmoja njiani, mweupe, mgumu kama jiwe, una vishimo vishimo, basi siku yako imekwenda vizuri. Utauuza, ama utaukata kwa kisu uone ndani mna nini. (Ndani mna mpira. Nilijaribu.)

Mjomba wangu alikuwa kedi, mbeba mifuko ya wachezaji, katika klabu moja ya hapa Pwani. Hadithi zake za gofu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa za wanaume. Siku moja nikamuuliza kama aliwahi kuona mwanamke Mkenya anayecheza gofu ya kulipwa, yaani ndiyo kazi yake. Akacheka. "Tuna mmoja, mjomba. Rose." Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo moja.

Alikuwa anamsema Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza Mkenya kuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa. Jina lake likitajwa, sifa ya "wa kwanza" huja mbele kama cheo, na watu hupiga makofi. Mimi neno hilo lilinikaa vibaya kwa muda mrefu, manake nilipoanza kusoma habari za mchezo huu niligundua kwamba kwenye gofu kuwa wa kwanza ni jambo la upweke mkubwa.

Hebu tuelewane. Mchezaji wa ridhaa anacheza kwa mapenzi: anashinda vikombe vya klabu na anaitwa timu ya taifa kwenye mashindano ya wa ridhaa. Siku anapotangaza kwamba sasa ni wa kulipwa, milango hiyo inafungwa. Vikombe vile si vyake tena, timu ile si yake tena. Analipia hasara hiyo kwa kuingia mlango wa pili, kwenye mashindano ya pesa. Sasa wewe fikiria umefunga mlango wa kwanza, umegeuka, na nyumba ya pili haijajengwa. Hapakuwa na mzunguko wa wanawake wa kulipwa Kenya, wala Uganda, wala Tanzania. Rose alikuwa bingwa asiye na mpinzani kwa maana mbaya ya maneno hayo.

Ili nione nyumba iliyojengwa inafanana vipi, nilifuatilia maisha ya mchezaji mmoja wa Denmark, Nanna Koerstz Madsen. Denmark ni nchi ndogo na baridi yake hufunga viwanja miezi kadhaa kila mwaka. Lakini mwaka 2005, Nanna akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, Mdenmark mwenzake Iben Tinning alimaliza msimu akiongoza orodha ya wachezaji wanawake wa Ulaya nzima. Kwa hiyo mtoto yule alikua akijua kwamba kazi hii ipo. Alikwenda Marekani, University of South Florida, hakumaliza, akageukia gofu ya kulipwa. (Hapo nilimpenda. Mimi pia chuo kilinishinda, ila mimi sikuwa na pa kugeukia palipoandaliwa hivyo.) Alianza kwenye mzunguko mdogo wa Ulaya, ule wa kujifunzia kazi. Mwaka 2016 akashinda Tipsport Golf Masters huko Jamhuri ya Czech, kwenye mzunguko mkubwa. Akahamia Marekani akaanza tena chini, na 2018 akaingia LPGA, ambako ndiko kilele. Mwaka 2021 aliitwa kikosi cha Ulaya cha Solheim Cup, na Machi 2022, huko Thailand, akawa Mdenmark wa kwanza kushinda shindano la LPGA, baada ya kufungana na Xiyu Lin wa China na kwenda mashimo ya ziada.

Kipaji anacho, sikatai. Lakini hesabu vidato. Kila alipopanda, kidato kilichofuata kilikuwa tayari kimepigiliwa misumari na watu asiowajua.

Kwetu vidato vilikuwepo, ila vya wanaume. Kenya Open ilianza 1967. Seve Ballesteros aliishinda 1978 na Ian Woosnam 1986. Kila mwaka wanagofu wa Kenya wa kulipwa walipewa nafasi kadhaa za kujipima na wageni hao nyumbani kwao. Na chini ya hapo kulikuwa na shule ya maskini, nayo ni ukedi. Kijana anabeba mfuko, anatazama, anajifunza upepo na mwinamo wa nyasi, jioni anaazima fimbo. Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wetu wakubwa wa kulipwa, alianza hivyo kule Mumias. Mjomba alijifunza hivyo pia, ingawa hakufika mbali. Dada zake, mamangu akiwemo, walikuwa na miguu ile ile na macho yale yale, lakini nani angemruhusu msichana akashinde kutwa na makedi? Kwa hiyo gofu ya wanawake ikabaki ya wenye uanachama, na katika vilabu vingi siku yao ya mashindano ni Jumanne. Jumanne! Sijui mama gani wa Ziwa la Ng'ombe asiyekuwa na kazi siku hiyo.

Ndiyo maana nikiitazama kazi ya Rose Naliaka siioni kama wengi wanavyoiona. Alifungua akademia ya gofu Nairobi, akawafundisha watoto, hasa wasichana kutoka familia ambazo hazijawahi kuingia klabu. Watu huita jambo hilo moyo wa huruma. Mimi naona ni mchezaji aliyekosa mashindano akaamua kujilelea wapinzani.

Mashindano yenyewe yalikuja Desemba 2019, miaka 52 baada ya Kenya Open, na yalikuja karibu na mimi kuliko karibu na Nairobi. Magical Kenya Ladies Open ilichezwa Vipingo Ridge, Kilifi, juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya katani, kwenye uwanja uliochorwa na David Jones, ambaye mwenyewe alishinda Kenya Open ya 1989. Lilikuwa shindano la mwisho la msimu wa Ulaya. Mjerumani Esther Henseleit alishinda, ushindi wake wa kwanza, na ukamfanya amalize mwaka akiongoza Ulaya nzima. Miaka mitano baadaye alikuwa na fedha ya Olimpiki ya Paris. Ngazi yake ilipita Vipingo, matatu mbili kutoka kwetu.

Mimi nilikwenda Februari 2023. Niliwatazama Wakenya kwanza, akiwemo Naomi Wafula wa klabu ya Vet Lab, ambaye wakati huo bado alikuwa wa ridhaa. Alipiga mpira wake wa kwanza mbele ya watu wanaofanya kazi hii kila wiki, na sikuona mkono ukitetemeka. Kisha nikamfuata Aditi Ashok wa India, msichana mwembamba asiyepiga mbali sana, lakini karibu na shimo haachi kitu. Alishinda kwa tofauti ya mikwaju tisa.

Niliporudi nilimkuta mjomba barazani. Nilimweleza yote, upepo, mibuyu, mikwaju tisa. Hakushangaa sana, ana mazoea ya kutoshangaa. Alitaka kujua jambo moja tu: Muhindi yule, mfuko wake nani humbebea?

Nikamwambia kwamba kwenye Olimpiki ya Tokyo, alipokosa medali kidogo tu akawa wa nne, aliyembebea mfuko alikuwa mamake.

"Mamake mzazi?"

"Mzazi."

Akanyamaza. Mamangu alikuwa ndani anakuna nazi, na tulimsikia ameacha kukuna.