Kourou, Mwindo na mwenye kilabu

Filamu ya La Vie est belle ilipotoka mwaka wa 1987, Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, zilikuwa bado ndani ya mkoa mmoja wa Kivu uliotawaliwa kutoka Bukavu. Mwaka uliofuata mkoa ule ukagawanywa kuwa mikoa mitatu. Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu aliyesomea sinema Ubelgiji, aliiongoza filamu hiyo pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Picha zake nyingi ni za Kinshasa: baa, vumbi la mitaa, watu waliovaa wakapendeza huku mfuko mtupu. Lakini kichekesho kinachoibeba, watu wa misitu ya Walikale walikuwa nacho kabla kamera haijafika.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kourou, mpiga likembe wa kijijini, anakwenda mjini kutafuta muziki wa umeme. Mwanamuziki Papa Wemba ndiye Kourou, na anauchukua ushamba wa mhusika wake kwa raha kubwa, yeye ambaye kwa unadhifu wa mavazi alikuwa mfalme. Mjini anaangukia kazi ya boi kwa Nvouandou, tajiri mwenye kilabu cha muziki. Nvouandou ana pesa na ana mke, Mamu, ila nguvu za kiume zimemkimbia. Mganga anampa dawa: aoe bikira, kisha akae siku 30 bila kumgusa. Bikira anayepatikana ni Kabibi, ambaye Kourou amekwisha kumpenda. Basi mzee anahesabu siku, na kijana yuko humohumo nyumbani na ufagio wake. Mtu hahitaji kuelezwa zaidi ili aanze kucheka.

Wakongo hawakuanza kucheka mbele ya kitambaa cheupe mwaka huo. Serikali ya kikoloni, kwa amri ya 1945, iliwazuia kuona filamu yoyote isipokuwa zile zilizopitishwa kwa ajili yao, na wamisionari wakajaza pengo. Huko Kasai Padri Albert Van Haelst aliwapiga picha Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, wakianguka na kupigana kwa mfano wa Laurel na Hardy. Filamu hizo zilichekesha kweli, ila aliyechekwa karibu kila mara alikuwa Mwafrika asiyeyajua mambo ya kisasa, na fundisho lilikuwa likisubiri mlangoni. Kwa Ngangura mshamba ndiye mjanja, na mkubwa ndiye anayeanguka.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Mwindo, shujaa wa utenzi wa Wanyanga. Mwaka wa 1956 Shé-kárisi Rureke, fanani wa Wanyanga wa Walikale, aliusimulia, akauimba na kuucheza utenzi huo kwa siku 12 huku mtafiti Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Kitabu kilitoka 1969, kwa jina la Biebuyck na la Kahombo Mateene. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anawakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Anataka mabinti tu, mahari yote yawe yake. Mwindo anazaliwa hata hivyo, akitokea kwenye kidole cha mama yake, tayari anatembea na kusema. Baba anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, na mtoto anaibuka akiimba na kujisifu. Baadaye ni baba anayekimbia, mwana anamfuata mpaka kuzimu. Sidai kwamba Ngangura alimchukua Kourou kutoka Tubondo. Ninachosema ni kwamba mzee anayejilimbikizia wanawake na mali, na mdogo anayemshinda kwa wimbo, wote wawili walikuwa wenyeji wa Kivu.

Baadhi ya wakosoaji waliiona filamu kuwa nyepesi mno kwa nchi iliyokuwa chini ya Mobutu. Mimi kinachonikera zaidi ni Kifaransa chake: Kinshasa bila Lingala ya kutosha ni pilau bila bizari. Kuhusu wepesi, Ngangura alijibu mwenyewe baadaye katika makala iliyouliza kama sinema ya Afrika iwe ya mapambano au ya burudani, na alisimama upande wa watazamaji. Filamu yake ya Pièces d'identités, nayo yenye vichekesho, ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO huko Ouagadougou mwaka wa 1999.

Wakati huo Kivu ilikuwa vitani. Ilikuwa imeanza mapema: Machi 1993, miaka sita tu baada ya La Vie est belle, mauaji ya sokoni Ntoto, Walikale, yaliwasha moto uliosambaa hadi Masisi. Madini ya kasiteriti yalipogunduliwa Bisie, humohumo Walikale, mwaka wa 2002, vijana wengi walielekea huko, na Kinshasa ikabaki mbali. Walibeba magunia ya kilo 50 wakikata msitu kwa miguu hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya lami na kuuchukua hadi Goma. Ukiitazama filamu leo kutoka huko, Nvouandou unamtambua mara moja, maana wanunuzi wa madini wenye baa zao hawakukosekana. Kourou ndiye mgumu kumpata. Ili amshinde bosi wake, alihitaji jioni za kutosha za kupiga likembe bila gunia mgongoni.